Bendi za chumbani zinazogeuza shida kuwa nyimbo za kuchezea: tujadili zinavyotengenezwa

#1 · Sauti ya Chumbani (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi ni wa wale wanaopenda bendi za indi pop za chumbani, yaani zisizo na lebo kubwa, watu wawili watatu, maiki moja, gitaa, kinanda cha mtoto, kopo linalopigwa badala ya ngoma, na nyimbo ambazo ukizisikia mara ya kwanza unacheka afu mara ya tatu unashtuka kumbe jamaa anaimba kuhusu kuachwa, au kufukuzwa kazi, au baba yake anaumwa. Kwenye makundi ya muziki kuna watu wanasema hizi ni nyimbo za utani za watu wasiotaka kukua, eti wanakimbia maumivu yao. Mi nasema bila ule utani nyimbo zenyewe zisingeandikwa kabisa, na nataka nieleze kwa nini, maana naona watu wengi wana wimbo kifuani hawautoi, wanasubiri wapate studio na wapate maneno mazito.

Anzeni na They Might Be Giants. Hawa ni John wawili, John Linnell na John Flansburgh, walianzia Brooklyn kule New York mwanzoni mwa miaka ya 80. Linnell akapata ajali ya baiskeli akavunjika kifundo cha mkono, na karibu kipindi hicho hicho Flansburgh akavunjiwa nyumba akaibiwa. Mmoja hawezi kupiga, mwingine kaibiwa, maonyesho yamesimama. Wengine hapo bendi imeshakufa. Wao wakachukua ile mashine ya kaseti ya kupokea ujumbe wa simu wakaiwekea wimbo, wakatangaza namba, we unapiga simu badala ya kuambiwa uache ujumbe unaimbiwa. Wakaiita Dial-A-Song na ikaendelea miaka mingi hata baada ya albamu yao ya kwanza kutoka 1986.

Sasa tazameni ile mashine ilivyowalazimisha kuandika. Anaingia msikilizaji mmoja kwa wakati, spika ya simu haina besi, na huyo msikilizaji anaweza kukata muda wowote akichoka. Kwa hiyo wimbo lazima uwe mfupi, uwe na wazo moja linaloshika hapo hapo, sauti ya mtu iwe mbele kabisa na maneno yasikike. Hizo ndo tabia za muziki wa chumbani mpaka leo, na zimetokana na mkono uliovunjika na mlango uliovunjwa.

Au Daniel Johnston. Huyu alikuwa peke yake siyo bendi ila karibu kila bendi ya chumbani imepita kwake. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 80 anarekodi kwenye redio kaseti ya kawaida tu, sauti nyembamba kama ya mtoto, kinanda kidogo cha kuchezea, na mwanzoni hakuwa na njia ya kunakili kaseti kwa hiyo mtu akitaka nakala jamaa anakaa chini anaimba albamu nzima upya. Hi, How Are You ya 1983 ina chura kwenye jalada aliyemchora mwenyewe, ndo yule chura ambaye Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alimvaa kwenye fulana 1992 dunia nzima ikauliza huyu ni nani. Alimpenda msichana ambaye aliishia kuolewa na mtu wa shughuli za mazishi, na Johnston akaandika nyimbo za majeneza unazoweza kuziimba na watoto wakaitikia. Mwambie huyo mtu aandike shairi zito la mapenzi kuhusu jambo hilo, nina hakika angekwama.

Kwa nini angekwama? Kwa sababu shida ukiikabili uso kwa uso maneno yanayokuja kwanza ni yale ya kila mtu. Moyo unauma, usiku mrefu, machozi. Ni kweli yote lakini hayana mwenyewe, yanaweza kuwa ya mtu yeyote, na we unayeandika unayasikia hivo hivo unaona aibu unaacha. Mchezo unakupa pembeni pa kusimama. Unapewa kazi nyingine ya kufanya, kutafuta vina, kuigiza sauti, kuzungumza na kitu kisichojibu, na ukiwa umeshughulika na hiyo kazi ukweli unatoka wenyewe.

Nitoe mfano wa karibu. Nina wenzangu tunarekodi pamoja, mmoja anapiga kinanda, na kuna kipindi alikuwa halali kabisa. Mambo ya nyumbani yalikuwa yanamwelemea, sitayasema hapa. Alikuja na wimbo wake una maneno "giza limetanda, mawazo yananizonga", anauimba taratibu na wote tumekaa kimya kwa heshima tu, wimbo hauendi popote. Baadae akawa anatuhadithia kwamba kinachomtesa zaidi ni kitanda, kila akigeuka kinalia, na akishasikia kile kilio ndo anakumbuka kwamba yuko macho. Tukaenda na simu tukakirekodi kitanda. Akalala, akageuka kulia kikatoa "kwiii", akageuka kushoto kikatoa "kwaa", noti mbili tofauti kabisa! Ile ya kulia ilikuwa juu ya ile ya kushoto kwa hatua tatu hivi. Tukazikata tukaziweka kwenye pigo la pili na la nne, ngoma ikawa kitanda. Na maneno yakabadilika hapo hapo, akaanza kubishana nacho:

*Kitanda we, mbona wanisema?*
*Nikigeuka kulia walalama,*
*nikigeuka kushoto wahema,*
*tulale basi, usiku mwema.*

Watu wanaimba hiki kiitikio wanacheka. Lakini kuna mstari kwenye ubeti wa pili anakiambia kitanda "we umebeba mmoja, mi nimebeba nyumba nzima", na huo mstari hakuna anayeucheka. Asingeufikia kama angeanzia kwenye giza limetanda.

Nimeandika kirefu, karibuni mchangie.

#2 · Mpiga Besi

Uzi mzuri mkuu ila kuna sehemu nabisha. Kuachwa sawa, kazi sawa, kukosa usingizi sawa. Msiba je? Mi nimefiwa na mzazi, mtu akiniletea ukulele, kile kigitaa kidogo, na sauti za katuni kwenye jambo hilo naona kama ananitukana. Kuna vitu havichezewi.

#3 · Sauti ya Chumbani

Pole sana mkuu, na nashukuru umesema wazi. Uko sahihi kwamba kuna namna ya kucheza inayoumiza, na mi naitambua kwa kuangalia utani unamgonga nani. Ukimgonga marehemu, au ukimgonga anayelia, hapo umeharibu na hakuna melodi itakayokuokoa. Lakini msiba unakuja na vitu vingi pembeni yake ambavyo ni vya ajabu kweli kweli, fomu za kujaza, simu za watu wanaotoa ushauri, viatu vyake ambavyo hakuna anayejua viwekwe wapi. Mtu aliyefiwa anaviona hivo vitu kwa macho makali kuliko mtu yeyote. Kuvichezea hivo ni kusema ukweli wa siku zenyewe zilivyokuwa.

Sikiliza Eels kama hujawahi, albamu ya Electro-Shock Blues ya 1998. Mark Oliver Everett, mwimbaji wao, alikuwa amempoteza dada yake aliyejiua 1996, na mama yake alikuwa na saratani, akafa mwaka huo huo wa albamu. Baba yake, yule mwanafizikia Hugh Everett, alishafariki zamani 1982 na ni Mark mwenyewe aliyemkuta. Yaani alibaki peke yake katika familia. Na albamu ina vinanda vya kuchezea, ina sauti za ajabu ajabu, ina sehemu unatabasamu, na inamalizia na uamuzi wa kuendelea kuishi. Sijawahi kusikia aliyefiwa akisema ile albamu imemdharau.

AJR wanakuja upande mwingine. Ndugu watatu, Adam, Jack na Ryan Met, wamejenga jina lao kwa kurekodi sebuleni kwao New York, hata albamu yao ya 2015 inaitwa Living Room. Muziki wao ni wa kuchezea hadi mwisho, kwenye wimbo wa Bang! sauti ya mtangazaji unayoisikia ni ya Charlie Pellett, yule yule anayewaambia abiria wa treni za chini za New York wakae mbali na milango. Baba yao akaugua, 2023 akafariki, na albamu yao ya mwaka huo ina wimbo walioandika kuhusu baba mgonjwa. Pale utaona wanajua kuweka vyombo chini, wimbo umekaa karibu mtupu. Mpaka hapo ndo nakubaliana na wewe, kujua kucheza ni pamoja na kujua lini pa kunyamaza.

#4 · Kinubi

Mkuu mi niko hapa kwa ajili ya vifaa. Nina simu, nina gitaa bovu lina nyuzi tano, nina laptopu ya zamani. Kila nikirekodi inasikika kama niko chooni. Na je sauti mbaya inakubalika kweli au ni maneno ya kutufariji?

#5 · Sauti ya Chumbani

Kinubi hivo vifaa vinatosha na siyo kukufariji. Historia yenyewe iko hivi: Tascam walitoa Portastudio 1979, mashine ya kwanza ya kurekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida, kabla ya hapo mtu wa kawaida kuimba afu kujiwekea kiitikio mwenyewe juu yake ilikuwa shughuli. Njia nne tu! Ngoma, gitaa, sauti, na kimoja kilichobaki. Kuna albamu kubwa zimetoka humo. We kwenye hiyo laptopu ya zamani ukiweka Audacity, programu ya bure ya kurekodi, unapata njia nyingi kuliko utakavyohitaji, na ushauri wangu ni ujiwekee mpaka wa nne au tano usizidi, maana wingi wa njia ndo unaoua hii aina ya nyimbo, mtu anajaza mapengo mpaka utani haupumui.

Hiyo sauti ya chooni ni mwangwi wa kuta, siyo simu yako. Nenda sehemu yenye nguo nyingi, fungua kabati uimbe ukiwa umelipa mgongo, au tundika blanketi zito nyuma yako. Watu wengi wanaweka blanketi nyuma ya maiki wakidhani ndo inasaidia, lakini maiki inayosikiliza mbele inapokea kinachotoka mdomoni mwako na kinachorudi kutoka ukuta ulioko nyuma ya kichwa chako, kwa hiyo huo ukuta ndo wa kuufunika kwanza. Simu iweke mbali na mdomo kiasi cha shubiri na kidogo, igeuze pembeni kidogo ili zile "p" na "b" zisipige upepo kwenye maiki. Zima mtandao usije ukapigiwa katikati ya mstari mzuri. Na mstari wa sauti usiuache uguse juu kabisa, acha nafasi, kuongeza sauti baadae ni rahisi ila ikishapasuka haishoneki.

Ukishaimba imba tena ule ule mstari mara ya pili kwenye njia nyingine, moja isukume kushoto moja kulia. Hazitalingana sawasawa, na kule kutolingana ndo kunafanya sauti ionekane pana na ya kirafiki kama watu wawili wanasimuliana. Huu ndo ujanja wa nyumbani ninaoupenda kuliko yote. Ukitaka sauti ya katuni, rekodi wimbo ukiwa umeupunguza mwendo afu uurudishe juu. Kwenye kaseti ukiongeza kasi mara mbili sauti inapanda oktavu nzima, kwa hiyo usiende mbali hivo, panda hatua moja au mbili tu, msikilizaji ahisi kuna kitu kimechangamka bila kujua ni nini.

Gitaa la nyuzi tano liache hivo hivo, tafuta ni noti zipi linazitoa vizuri ukae humo. Beat Happening wa Olympia, Washington, waliokuwa nyuma ya lebo ya K Records iliyoanza 1982, hawakuwa na besi kabisa na walikuwa wanabadilishana vyombo wao kwa wao, anayeimba sasa hivi wimbo ujao anapiga ngoma. Ule ugeni wa mikono ndo sauti yao.

Sasa swali lako la mwisho. Sauti mbaya haikubaliki ikiwa maneno hayasikiki. Hapo mi mkali. Kelele za chumbani ziwepo, kiti kilie, mtu akohoe, gari lipite, ila msikilizaji lazima ashike neno, kwa sababu hizi nyimbo zinaishi kwa maneno. Merrill Garbus wa Tune-Yards albamu yake ya kwanza BiRd-BrAiNs ya 2009 aliirekodi kwa kile kirekodi kidogo cha mkononi cha sauti, ukulele na vipande vipande vya maisha, inakwaruza kila mahali lakini sauti yake inakukamata shingo. (Na huyu dada aliwahi kusoma Kiswahili na kukaa Kenya, kwenye hiyo albamu kuna wimbo unaitwa Hatari, kausikilizeni.)

Kingine, nyumbani hakuna saa inayokuhesabia. Kwenye studio ya kulipia nani atakaa mchana mzima anarekodi kitanda? Billie Eilish na kaka yake Finneas walitengeneza albamu ya 2019 chumbani kwao, Billie akaenda kwa daktari wa meno na simu akarekodi ile mashine inavyosaga kwenye meno yake, ikaingia kwenye bury a friend. Ile tiki tiki kwenye bad guy ni ya kitufe cha wavuka barabara cha Sydney. Januari 2020 Billie akachukua tuzo zote nne kubwa za Grammy. Sijasema hiyo ni indi, wana lebo kubwa nyuma yao, nasema kwamba ule udadisi wa kurekodi kitu kinachokuudhi ukakifanya biti ni udadisi wa chumbani.

#6 · Mama Ubeti

Nimesoma yote, mwandishi mzuri. Nina wasiwasi mmoja kama mtu ninayefanya kazi na vijana. Tukisifia sana hizi hadithi, kijana anaelewa kwamba lazima uteseke ndo uwe msanii. Huyo Johnston uliyemtaja alikuwa mgonjwa. Na pili, kuchimba chimba shida kwa wimbo kunamsaidia mtu kweli au kunamrudisha shimoni?

#7 · Sauti ya Chumbani

Shikamoo mama, na hili ndo swali nililotaka mtu alilete.

La kwanza nakubaliana nawe moja kwa moja. Johnston aliumwa sana, ugonjwa wa akili ulimweka hospitalini vipindi virefu, na mpaka anafariki 2019 alihitaji familia yake imsimamie. Hakuna wimbo hata mmoja uliandikwa na ugonjwa. Ziliandikwa na mtu aliyekuwa na kipaji cha melodi na aliyewasikiliza Beatles mpaka basi, ugonjwa ulikuwa unamchelewesha. Kijana akiniuliza nitamwambia nenda katibiwe, nyimbo zitakungoja.

La pili, kuna utafiti wa zamani unaotajwa sana, James Pennebaker na Sandra Beall, 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza maishani, wengine kuhusu vitu vya kawaida. Walioandika kuhusu maumivu na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile zile, ila miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache kuliko wenzao. Na katika kazi zake za baadae Pennebaker aliona waliofaidika ni wale ambao maandishi yao yalikuwa yanabadilika, wanaanza kuunganisha hili limetokea kwa sababu ya lile, wanajenga hadithi. Anayerudia kilio kile kile kila siku hapati sana.

Kwangu hapo ndo wimbo wa kuchezea unapofanya kazi nzuri, maana wimbo unakulazimisha kubadilisha. Una kiitikio kinachorudi lakini ubeti wa pili hauwezi kuwa sawa na wa kwanza, lazima kitu kisogee. Yule mwenzetu wa kitanda ubeti wa kwanza kitanda ni adui, ubeti wa tatu anakipaka mafuta kwenye bawaba. Ni kidogo lakini mtu amesogea. Nikiona mtu anatunga wimbo ule ule mara kumi na anazidi kuzama, namwambia aache gitaa aongee na mtu anayemwamini au daktari. Wimbo haubebi kila kitu.

#8 · Zeze la Usiku

Na ukiwa unamwimba mtu aliyekuacha? Mi nina wimbo mkali sana una jina lake kabisa na kiitikio kinaimbika balaa 😂 wenzangu wanasema nisiutoe

#9 · Sauti ya Chumbani

Wasikilize wenzako. Jina litoe, na kitu chochote kinachomtambulisha kitoe, yeye hakuomba kuwa kwenye wimbo. Afu jaribu hivi, wimbo mzima uwe kuhusu kitu alichokiacha kwako. Moldy Peaches, Kimya Dawson na Adam Green, walikuwa wanapanda jukwaani mmoja kavaa kama sungura mwingine kama Robin Hood, na nyimbo zao za mapenzi zimejaa vitu vidogo vidogo vya ovyo hadi unaona chumba. Albamu yao ilitoka 2001 wachache wakaijua, kisha wimbo wao ukaingia kwenye filamu ya Juno 2007 na mwanzoni mwa 2008 albamu ya hiyo filamu ikakaa namba moja Marekani. Watu wawili wanapokezana kuimba polepole juu ya gitaa moja. Hakuna aliyehitaji kumjua nani ni nani.

Hicho kiitikio kinachoimbika balaa kibaki nacho, melodi haina kosa.

#10 · Mgeni wa Gitaa

Nimekuwa msomaji tu siku zote leo nimejiunga kwa ajili ya huu uzi. Nilipunguzwa kazi, tuliitwa chumba kimoja tukaambiwa wote pamoja, na tangu hapo nina huu ubeti naomba muupige msasa:

*Nilijitoa kwa moyo wangu wote,*
*wakanitupa kama takataka,*
*sasa naranda njia zote,*
*sijui nitafika lini ninapotaka.*

Gitaa naweza kodi (chord) tatu, C, F na G.

#11 · Sauti ya Chumbani

Karibu sana ndugu yangu na pole kwa yaliyokukuta, kuambiwa hivo kwa mafungu inauma vibaya.

Ubeti una vina na una pumzi nzuri. Ila sikuoni humo ndani. Nikuulize, siku ile ulitoka na nini mkononi? Kitu cha kushikika, usiniambie huzuni.

#12 · Mgeni wa Gitaa

Dah. Kadi ya mlango. Walisahau kuichukua na mi nikasahau kuirudisha. Bado iko kwenye kamba yake imening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu. Nilipitia pale siku moja nikaijaribu kwenye geti, ikalia ile tit-tit ya kukataa na taa nyekundu. Nilicheka peke yangu barabarani afu nikakaa chini.

#13 · Mpiga Besi

Wewe! Huo ndo wimbo.

#14 · Sauti ya Chumbani

Ndo huo kabisa, umeshauandika kwenye hiyo komenti hujajua tu. Ngoja tufanye hapa hapa.

Wimbo anaimbiwa kadi. Kadi bado ina picha yako umetabasamu, bado inaamini wewe ni mfanyakazi, haijaambiwa. We ndo unabeba kazi ya kuipa taarifa, na hutaki kuivunja moyo. Ukiweka hivyo tayari unaweza kusema kila kitu ulichoambiwa kwenye kile chumba, maneno yao yale yale ya baridi, lakini unayasema kwa upole kwa kadi. Mstari wa wakanitupa kama takataka hauhitajiki tena, msikilizaji atausema mwenyewe moyoni.

Mfano wa kuanzia, badilisha utakavyo:

*Kadi yangu, shuka tuzungumze,*
*kuna jambo sijui vipi nikueleze,*
*lile geti letu, we usilibembeleze,*
*tit-tit lile, lina maana yake.*

Mstari wa nne kina kimekatika makusudi, pale kwenye tit-tit msikilizaji ajikwae.

Muziki: C, F, G zinatosha na usiongeze ya huzuni, kaa kwenye furaha, mwendo wa kutembea kwa miguu siyo wa kukimbia. Ile tit-tit ni pigo mbili za noti moja, ziimbe kwa mdomo kila mwisho wa mstari wa kiitikio, afu gitaa linyamaze kabisa nafasi ya pigo mbili kabla hujarudi. Usizidownlodi sauti za mashine kutoka mtandaoni, mdomo wako ni bora zaidi. Kwa ngoma chukua hiyo hiyo kadi ugonge ukingo wake kwenye meza, plastiki ina mlio mkavu mzuri, weka kitambaa chini ya meza isivume.

Ile sehemu ya kucheka peke yako barabarani afu ukakaa chini, hiyo usiifanyie vina. Iweke katikati baada ya ubeti wa pili, gitaa likiwa kwenye F tu halibadiliki, useme kama unavyomhadithia mtu, kwa maneno yale yale uliyoandika hapa. Afu kiitikio kirudi.

Kabla ya yote nenda kaione kadi ilivyo, soma kila kilichoandikwa juu yake mbele na nyuma, jina la kampuni usilitaje, ila zile kadi huwa na maandishi nyuma ya nini kifanyike ikiokotwa. Kama yapo tuandikie hapa yanasemaje, nahisi ubeti wa tatu uko huko.

#15 · Mgeni wa Gitaa

Yapo. "Ukiiokota tafadhali irudishe mapokezi." Naanza kurekodi usiku watu wakilala.

#16 · Sauti ya Chumbani

Safi. Funga mlango, hiyo kadi itoe nyuma yake isije ikagonga ukiwa unaimba, na rekodi mara ya kwanza uiache ilivyo hata kama umekosea neno, utakuja kuilinganisha na zile za baadae. Ukimaliza weka faili hapa, Mpiga Besi ameshaomba kazi.